Yanayosemwa mtaani kuhusu afisa ustawi na kesi za watoto hapa Mwanza, na yalivyo kweli

Watu wengi huku kwetu hawajui kama kuna mtu ambaye kazi yake ni kumfuatilia mtoto aliyeingia kwenye kesi, kuanzia siku anakamatwa mpaka anarudi nyumbani na miezi kadhaa mbele. Wanaojua wanatuita majina tofauti, wengine ustawi, wengine probesheni, wengine askari tu. Kwa watu wazima wapo maafisa wa probesheni, yaani wanaomsimamia mtu aliyepewa masharti badala ya kifungo, walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ila kesi ikiwa ya mtoto anayeibeba ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hapa mjini ni Jiji ukiwa Nyamagana na Manispaa ukiwa Ilemela. Nayaandika haya kwa sababu maneno ya mtaani kuhusu hii kazi yanawaumiza watoto kabisa, mzazi anaogopa, anaficha kitu, na hicho alichoficha ndo kilikuwa kinamsaidia mwanae.

"Huyo ni polisi kavaa kiraia"

Hii naipata kila nikipanda milima ya Igogo au Mabatini, ukionekana na faili mkononi tu vijana wanapotea kwenye mawe na mama mwenye nyumba anakwambia huyo unayemuulizia hakai hapa, kahama. Sina pingu, sikamati mtu, na maelezo ya kosa sichukui mimi. Polisi anataka kujua nani kachukua simu na iko wapi saa hizi. Mimi nauliza mtoto analala wapi, anakula kwa nani, shule aliacha lini na kwa nini, akiumwa nani anampeleka hospitali, na jioni akitoka anaenda kwa nani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kesi ya mtoto iwe na taarifa ya afisa ustawi kuhusu maisha yake, na hakimu anaipitia kabla hajaamua. Hakimu hajawahi kukaa kwenye kile chumba cha Igogo, atakijua kupitia ile ripoti tu, sasa ukinidanganya mimi umemdanganya na yeye.

Kuna nyumba moja nilienda, mama akanionyesha mkeka akasema afisa, mwanangu analala hapo. Juu ya mkeka kulikuwa na magunia mawili ya mkaa na vumbi lake limeshakaa siku nyingi. Sikusema kitu, nikaomba maji ya kunywa nikakaa, tukaongea habari za bei ya dagaa na watoto wengine wadogo waliokuwa wanacheza mlangoni. Mpaka mwenyewe ndo akasema, afisa nisikufiche, baba yake wa kambo akishaingia ndani anafunga mlango, huyu mtoto analala mwaloni, pale ziwani samaki wanaposhushwa, kwenye mitumbwi tangu mwaka jana. Alikuwa anaona aibu, na alidhani akisema hivyo nitaandika kwamba ye ni mama mbaya. Kumbe hilo neno ndo lililobadilisha kila kitu, maana badala ya kupendekeza arudi pale tukamtafuta bibi yake Kisesa, na mahakama ikakubali akae huko. Kama angeng'ang'ania ule mkeka, mtoto angerudishwa kwenye mlango uleule unaofungwa usiku, na wiki haiishi angekuwa mwaloni tena.

"Kazi yao kutetea wezi"

Hili linasemwa kwa uchungu na mi siwezi kumlaumu anayelisema, mtu kaibiwa mashine ya mtumbwi wake ambayo ndo inalisha familia, halafu anamuona afisa wa serikali anamuuliza mwizi kama amekula. Ila afisa ustawi sio wakili. Anayemtetea mtoto kwenye kesi ni wakili, na asiye na uwezo kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ripoti yangu naandika nilichokikuta, kizuri na kibaya, kama mtoto ameshawahi kushikwa kwa kosa kama hilo naandika, kama mzazi ndo anayepokea vitu vya wizi naandika na hilo pia. Na aliyeibiwa namtafuta nae nikiweza, maana saa nyingine familia mbili zikikaa chini pamoja kitu kinarudi, au kinalipwa kidogo kidogo, na mtoto anaomba msamaha akiwa anamuangalia mtu machoni, na nimeona vijana wanaogopa hicho kikao kuliko wanavyoogopa kizimba.

"Kaachiwa tu, ndo hiyo probesheni"

Hajaachiwa. Akiwekwa chini ya uangalizi anapewa masharti na mahakama, akae nyumba fulani, arudi shule au aende kwa fundi, asionekane sehemu fulani au na kundi fulani, na aripoti kwangu siku tulizokubaliana. Akivunja masharti anarudishwa mbele ya hakimu. Kwa kijana aliyezoea kukaa kijiweni mpaka saa sita usiku hii ni ngumu, inaingia kwenye kila siku yake, na inaingia kwa mzazi pia kwa sababu hayo masharti yanamtaka na yeye awe nyumbani.

"Atafungwa Butimba huyo"

Mtoto hapewi adhabu ya kifungo cha gereza, liwe hili letu la Butimba au lingine, Sheria ya Mtoto imekataza, na mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18. Mahakama inaweza kumuachia kwa masharti, kumkabidhi kwa mzazi au mtu anayefaa, kumuweka chini ya uangalizi, au ikishindikana kabisa kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha tabia. Kesi za mauaji ndo zinaenda Mahakama Kuu, na hata huko aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18 hahukumiwi kunyongwa. Kwenye umri mdogo zaidi Kanuni ya Adhabu inasema chini ya miaka 10 hana kosa la jinai kabisa, na ambaye hajafika 12 lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na akili ya kujua anachofanya ni kosa. Kwa hiyo wale wanaomburuta mtoto wa miaka minane pale Kirumba kwa ajili ya samaki wawili wakitaka afunguliwe kesi wajue hakuna kesi hapo, kuna mtoto mwenye njaa na anatakiwa aletwe ustawi.

Tatizo kubwa liko hapa kwenye umri na nataka nikae hapa kidogo, maana hizo kinga zote zinamhusu mtoto anayejulikana kuwa ni mtoto. Vijana wengi wa mwaloni ni warefu, wana misuli ya kubeba makreti tangu wakiwa wadogo, sauti imeshakuwa nzito, akiulizwa una miaka mingapi anasema 19. Anajiongezea kwa sababu kule mwaloni anayesema ana 15 hapewi kazi, wengine wanaongeza ili asiitwe mzazi, wengine kiukweli hawajui walizaliwa lini. Ikishaandikwa 19 basi anapita njia ya wakubwa, mahabusu ya wakubwa, mahakama ya kawaida, na kumtoa huko ni safari ndefu. Mahakama ina wajibu wa kuchunguza umri ila inahitaji kitu cha kushika. Cheti cha kuzaliwa ndo kizuri zaidi ila wengi hawana, basi kadi ya kliniki, rejesta ya shule ya msingi, cheti cha ubatizo, hata bibi aliyekuwepo akizaliwa aje aseme. Kuna kadi moja ya kliniki ililetwa na mama kutoka Ukerewe, kapanda meli ya Nansio ameikunja kwenye kitenge, imelowa, pembeni imeliwa na panya, ila tarehe ya kuzaliwa inasomeka na mhuri wa zahanati upo. Kijana kumbe alikuwa hajatimiza 16. Faili likabadilika palepale, akahamishiwa mahakama ya watoto. Kadi ya kliniki msitupe jamani, hata mtoto akishamaliza chanjo zote iwekeni pamoja na vyeti.

"Bila hela mtoto hatoki"

Dhamana ni bure. Mtoto akikamatwa anatakiwa kuachiwa kwa dhamana, isipokuwa kosa ni mauaji au lenye adhabu inayozidi miaka saba, au kumuachia kutamuweka karibu na watu watakaomharibu, au kutaharibu haki. Afisa ustawi halipwi na mzazi, sio nauli, sio soda, sio hela ya kuchapa ripoti. Kuna watu wanazunguka nje ya vituo na mahakama wakijifanya wanamjua afisa, wanawaambia kina mama leta elfu hamsini ripoti iandikwe vizuri, na mama anaenda kukopa kwenye kikoba. Ukisikia hivyo njoo ofisini kwetu mwenyewe, uliza jina la afisa anayeshika faili la mwanao, kaa nae ana kwa ana.

"Nimemshindwa, mpelekeni Irambo akanyooshwe"

Hii inaniumiza kuliko zote kwa sababu anayesema ni mzazi. Anakuja asubuhi na mtoto kamshika mkono, anasema mzee wangu alininyoosha mimi kwa fimbo, huyu fimbo haimwingii, chukueni nyie. Shule ya maadilisho Irambo iko Mbeya, kusini magharibi mwa nchi, na haipokei mtoto kwa sababu mzazi kachoka, anaenda kwa amri ya mahakama baada ya kesi. Nauli tu ya kwenda kumuona ni mtaji wa mama ntilie. Mtoto akikaa mbali na watu wake hivyo anarudi mgeni nyumbani, ndo maana kwangu hiyo ni njia ya mwisho. Nikikaa na huyo mzazi nikimuuliza shida ilianza lini mara nyingi tunafika kwenye kitu kingine kabisa, baba kaondoka, mtoto alifeli akachekwa na nduguze, au anapigwa na mtu ambaye mzazi hamjui.

Halafu kuna wazo kwamba hawa ni watoto wa mtaani tu au yatima. Nimekaa sebuleni kwenye nyumba zenye geti na tiles, baba mtumishi, mama mfanyabiashara, na kijana wao yuko kwenye kesi ya bangi.

"Wasichana hawana kesi"

Wanazo, ila zao zinakuja kimyakimya. Binti kaletwa mjini kutoka Sengerema au Ukerewe kufanya kazi za ndani, wengine hawajafika hata 14 ambao ndo umri wa chini wa kufanya kazi nyepesi kisheria, miezi inapita halipwi, siku akidai mshahara au akisema anataka kurudi kwao dhahabu inapotea ndani. Sisemi kila binti anasingiziwa, ila kesi ya namna hiyo ikinifikia cha kwanza nauliza alikuwa analipwa shilingi ngapi, mara ya mwisho kalipwa lini, na nani alimtoa kwao. Na namuuliza mwenyewe, peke yake, bosi akiwa hayupo, kama kuna mtu kwenye ile nyumba amemfanyia kitu kibaya. Majibu mengine mpaka usiku unashindwa kulala, na hapo binti aliyeingia kituoni kama mtuhumiwa anatoka akiwa ndo mlalamikaji.

Wale wanaorekodi mtoto akipigwa na kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp wakisema jamii ijihadhari nae, kesi ya mtoto inasikilizwa faragha, wapo hakimu, mzazi, afisa ustawi na wahusika tu, na kutangaza kitu kitakachofanya mtoto ajulikane ni kosa. Ile video inabaki. Kijana amebadilika, kapata kazi, mtu anaifufua upya.

"Kesi ikiisha na afisa anaondoka"

Hapo ndo kazi inaanza kuwa nzito. Mwalimu mkuu hataki kumpokea, anasema ataniharibia wengine, inabidi niende nikae nae, nirudi tena, saa nyingine niende na mwenyekiti wa mtaa. Akikataa shule kabisa natafuta fundi, gereji za Nyakato huko au welding au ushonaji, na fundi nae lazima aambiwe ukweli kuhusu kijana kwa ruhusa ya familia, kwa sababu akija kusikia kwa watu atamfukuza. Wenzake wa kijiweni wanamfuata wanamuita wa jela. Wengine wanarudi kwenye makosa, siwezi kusema hawarudi, ila nikiangalia wanaorudi wengi wao ni wale ambao nyumbani hakukuwa na mtu mzima hata mmoja aliyekubali kusema huyu ni wangu nakaa nae.

Kama mwanao kakamatwa usiku wa leo, nenda kituoni na ndugu mwingine mzima, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, beba kadi ya kliniki au chochote chenye tarehe yake ya kuzaliwa, omba afisa ustawi aitwe kabla hajaandikishwa maelezo na wewe uwepo akiandikishwa, na angalia umri walioandika kwenye karatasi. Ukikwama piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.