Breki ya mbele haikupindui

Kwenye steji nyingi za bodaboda Nairobi, anayejifunza hupewa onyo moja: usiguse breki ya mbele, itakurusha. Basi akili yote inabaki kwenye pedali ya mguu.

Onyo hilo lina chanzo. Ukiifinya ghafla kwa nguvu zote, hasa kwenye kona au lami yenye matope, gurudumu la mbele hujifunga na unaanguka kabla hujajua kilichotokea. Ila hapo kosa ni la mkono, si la breki.

Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito husogea mbele. Tazama shokomzoba za mbele zinavyozama. Tairi la mbele hukandamizwa na kushika lami zaidi, la nyuma likibaki jepesi. Kwa hiyo ukikanyaga ya nyuma peke yake, tairi linaburuzika, mkia unayumba, na pikipiki bado inaenda. Matatu ikisimama ghafla mbele yako Jogoo Road, mita hizo za ziada ndizo zinazokufikisha kwenye bampa yake.

Namna yake: usukani ukiwa umenyooka, vuta mpini wa breki ya mbele, ulio mkono wa kulia, taratibu hadi mbele paanze kuzama, kisha ongeza nguvu, huku mguu ukikanyaga ya nyuma kiasi. Kwenye murram (barabara ya changarawe), legeza mkono. Ukiwa na abiria (mmoja, kama sheria inavyotaka), ya nyuma husaidia zaidi, lakini pia unahitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama.