Gesi ya Kivu na mafuta ya Virunga: yanayosemwa Goma na ukweli wake

"Wakivuta gesi, Ziwa Kivu litalipuka." Hofu hii haikuzuka bure. Mwaka 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitema hewa ya ukaa ghafla na kuua watu wapatao 1,700. Lakini Kivu, kuivuna gesi kwa uangalifu kunaweza kupunguza hatari hiyo. Kilindini humo mmeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zikishikiliwa na uzito wa maji ya juu. Wenzetu wa Rwanda, karibu na Kibuye, wanazalisha megawati 26 za umeme kwa methani hiyo.

Cha kuuliza ni hiki: maji yaliyovutwa kutoka chini na kutolewa gesi yanarudishwa kina gani? Maji ya chini hayana oksijeni na yamejaa virutubisho. Yakimwagwa juu, mwani utastawi na sambaza watakosa hewa, maana samaki hawa huishi tabaka la juu tu. Mvuvi anayetoka bandari ya Kituku jioni na taa zake, na mama anayemngoja alfajiri na beseni, wote riziki yao iko kwenye mdomo wa bomba linalorudisha maji hayo. Wasomewe mkataba wa kuvuna gesi kabla haujatiwa saini, tena kwa Kiswahili.

"Gesi ikivunwa, mazuku yatakwisha." Hapana. Mazuku ni hewa ya ukaa inayopanda kwenye nyufa za ardhi ya volkano na kutuama mashimoni. Watoto waendelee kukatazwa kucheza huko.

"Kampuni ya mafuta ya SOCO iliondoka Hifadhi ya Virunga, basi yamekwisha." Iliahidi kuondoka mwaka 2014. Julai 2022 serikali ya Kongo ilinadi vitalu 30 vya mafuta na gesi, vingine vikigusa hifadhi hiyo. Zabuni za vitalu 27 vya mafuta zilifutwa Oktoba 2024. Zabuni ikifutwa, mafuta yanabaki ardhini, na wanaoyataka wapo.

"Mafuta yataleta kazi kwa wote." Tuwatazame ndugu zetu wa Muanda, pwani ya Kongo: mafuta yanatolewa huko kwa miongo mingi, gesi inachomwa hewani, na wakulima na wavuvi bado wanalalamikia uchafuzi na ukosefu wa ajira. Kisima kikishachimbwa huhitaji mafundi wachache. Ziwa Edward, huko Virunga, linalisha mvuvi wa Vitshumbi, mbeba mzigo, mkausha samaki na muuzaji wa Goma. Mafuta yakimwagika humo, Mto Semliki utayapeleka hadi Ziwa Albert, nako kuna wavuvi.