Bebi shawa ni nini, na anayeiandaa anabeba kazi gani?

Bebi shawa ni sherehe fupi anayofanyiwa mama mjamzito na watu wake wa karibu ili wamkabidhi vitu atakavyovihitaji mtoto akishazaliwa. Kwa sura yake ya sasa, ilishika kasi Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watoto walipokuwa wakizaliwa kwa wingi na wazazi vijana wakianza maisha na vitu vichache ndani. Keki, mapambo na picha ni nyongeza. Viondoe, ubaki na furushi la nepi na watu wanaompenda: bado ni bebi shawa. Ukibaki na maputo matupu, hiyo ni pati kama pati nyingine.

Isichanganywe na sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto, ambayo imevuma zaidi tangu 2008. Hiyo lengo lake ni habari: wa kike au wa kiume? Mwaka 2020 huko California, kifaa cha kutoa moshi kilichowashwa kwenye sherehe ya namna hiyo kilizusha moto wa nyika, na zimamoto mmoja akapoteza maisha. Bebi shawa haihitaji siri wala baruti.

Kwa nini aandae rafiki? Kwa sababu ni vigumu mtu kujiombea zawadi mwenyewe. Mama anajua kabisa kwamba blanketi anazo nne na kigari hana, ila kulisema hilo mbele za watu kunamtia haya. Anayeandaa ndiye anayelisema kwa niaba yake, na mengine yote yanafuata hapo.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa kumuuliza, hata kabla ya kufungua kundi la WhatsApp. Je, anaitaka? Aliyewahi kupoteza ujauzito huenda akapenda kusubiri mtoto azaliwe kwanza, na hapo hakuna cha kumbembeleza. Wengi hupenda kumfanyia sapraizi, mimi siipendi. Mama mwenye ujauzito mkubwa, aliyechoka, kukuta watu thelathini wanampigia kelele mlangoni si raha ya kila mtu. Tarehe na majina ya wageni ayajue. Mficheni rangi ya keki, inatosha.

Wakati unaofaa ni kati ya wiki ya 28 na ya 34. Ujauzito huhesabiwa wiki 40, na mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 huitwa njiti. Mkiisogeza sherehe hadi mwisho kabisa mnaweza kumkuta mgeni wa heshima yuko wodini.

Sasa orodha ya zawadi, ambayo ndiyo moyo wa shughuli. Bila orodha, wageni hununua kinachovutia macho, na kinachovutia macho ni vigauni na viatu vidogo vya saizi ya kwanza. Mtoto anaviacha ndani ya wiki chache, vingine vikiwa na lebo bado. Kaeni na mama mwandike kwa undani: nguo za miezi mitatu hadi sita, za miezi sita hadi kumi na mbili, beseni la kuogea, taulo, pedi za uzazi za mama mwenyewe (hizi husahaulika karibu kila mara). Nepi usizionee haya. Mtoto mchanga anaweza kumaliza kumi kwa siku, kwa hiyo omba saizi tofauti, si zote za mtoto wa siku moja. Kila mstari uwe na nafasi ya jina, ili anayechukua beseni aonekane na mwingine asilete la pili.

Kuna vitu vizuri dukani ambavyo havifai kitandani. Mito, midoli laini na vile vizuizi vya sponji vya kuzungushia kitanda vinaweza kumziba mtoto pumzi akiwa amelala. Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku vizuizi hivyo mwaka 2022. Godoro gumu na shuka lililobanwa vizuri vinatosha.

Vitu vikubwa, kama kigari au kiti cha mtoto cha kwenye gari, changieni pamoja. Mteue mweka hazina mmoja, na kiwango kisiwe cha kumfukuza asiye nacho. Akija na pakiti moja ya sabuni, apokewe kama wenzake. Ikiwa ni mtoto wa pili au wa tatu, vikubwa huwa vipo tayari, kwa hiyo sherehe inaweza kuwa ndogo, nepi na chai basi.

Siku yenyewe saa mbili au tatu zinatosha. Mama apate kiti chenye mgongo, kigoda cha kuinulia miguu, na asikae mbali na choo. Michezo ni hiari, ila ule wa kukisia mzunguko wa tumbo lake muulizeni kwanza. Kuna wanaoucheka na kuna wanaoumia kimyakimya. Zawadi zikifunguliwa, mtu mmoja akae pembeni na daftari aandike nani kaleta nini, na risiti za nguo ziwekwe kwenye bahasha moja kwa ajili ya kubadilisha saizi. Na kabla wageni hawajaanza kuaga, awe ameshapatikana wa kubeba yale maboksi hadi nyumbani kwa mama.