Wajibu wa kurudi nyuma: maana yake katika sheria ya kujihami

Msimu wa karafuu, zikishaanuliwa jioni, ami yangu huko Wete, Pemba, hulala barazani, ubavuni mwa magunia. Siku moja tulikuwa tukizungumzia wezi, akanambia: "Mwanangu, mtu anijie na panga hapa kwangu, na mimi nikimbie? Sheria hiyo ya nani?"

Kumbe ipo, na ina jina. Wajibu wa kurudi nyuma maana yake ni kwamba mtu anayetishiwa, kabla hajatumia nguvu inayoweza kuua, anatakiwa kwanza aondoke, iwapo anaweza kuondoka kwa salama. Njia ikiwa wazi naye akabaki na kuua, hawezi tena kusema alikuwa akijihami. Maneno "kwa salama" ndiyo yenye uzito hapo. Hakuna sheria inayomtaka mtu ampe mgongo mwenye panga aliye hatua mbili tu kutoka kwake.

Wajibu huu umetoka katika sheria ya zamani ya Uingereza, ambayo hata hivyo ilimwachia mtu nyumba yake: tangu kesi ya Semayne ya 1604 imekuwa ikisemwa kuwa nyumba ya mtu ni ngome yake. Marekani majimbo yamegawanyika. New York bado wanao wajibu huo nje ya nyumba, wakati Florida waliuondoa 2005. Waingereza wenyewe wameulegeza. Sheria yao ya 2008, kwa marekebisho ya 2012, inasema kwamba kule kuweza kuondoka ni jambo la kuzingatiwa tu, si wajibu.

Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza kuanzia 1890 hadi 1963, na sheria zetu za jinai zina mizizi huko. Lakini tunayo Sheria ya Adhabu yetu wenyewe, Namba 6 ya 2018, mbali na ile Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara. Kesi ya kujihami ikifika mahkamani, maswali makubwa ni mawili: ilikuwa lazima kutumia nguvu? Na nguvu hiyo ilikuwa ya kiasi, ukilinganisha na hatari yenyewe? Suala la kuondoka linaingia katika lile la kwanza.

Nikamchorea ami kwa fimbo mchangani. Hapa umesimama wewe, ukuta uko nyuma yako, mwizi amenyanyua panga. Ukimpiga kwa mchi, umejihami. Sasa mlango uko wazi nyuma yako, naye bado yuko kule kwenye mgomba, anatukana tu. Ukimfuata kule na ukampiga, utaulizwa kwa nini hukuingia ndani ukapiga kelele. Na akishaangusha panga akakimbia, wewe ukamkimbiza hadi bondeni na kumkata, hapo hujihami tena, unalipiza. Hatari ilikwisha pale alipogeuza mgongo.

Hili la mwisho ndilo linaloniumiza, maana ndilo tunalolifanya mitaani. Ukelele wa "mwizi!" unapigwa, kijana yuko chini, hana hata kijiti mkononi, na watu bado wanapiga. Hakuna anayejihami pale. Kule Bara sheria inatamka wazi kwamba anayezidisha nguvu katika kujihami hata mtu akafa, ana kosa la kuua bila ya kukusudia. Basi yule anayempiga mtu asiyemtishia hata kidogo atasema nini?

Lakini mahkama nayo haipimi kwa mizani ya dhahabu. Mwaka 1921 Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahkama ya Juu ya Marekani alieleza kuwa mtu aliyenyanyuliwa kisu hawezi kutakiwa atafakari kwa utulivu. Na hoja ya kujihami ikishaibuka, mzigo wa kuiondoa, hadi isibaki shaka ya maana, ni wa upande wa mashtaka, si wa mshtakiwa.

Ami aliangalia ile michoro muda mrefu. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," akasema, kisha akaniuliza kwa dhati kabisa: "Na kama mjukuu wangu amelala ndani?" Nikamwambia kuwa kumhami mwengine kunapimwa kwa maswali yale yale mawili, na kwamba kama kuondoka kwake ni kumwacha mtoto na mwenye panga, hiyo si njia iliyo wazi.

Usiku ule aliutandika mkeka wake kizingitini.