Anakumbuka ya utotoni, kasahau ya asubuhi: hajifanyi

"Huyu anajifanya tu. Ya shuleni anayakumbuka yote, ila hela niliyompa asubuhi hajui iko wapi!" Hapa Dodoma maneno haya humwangukia sana kijana aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda. Yanamuumiza, na si kweli.

Ubongo hauna ghala moja la kumbukumbu. Ndani yake, kwa usawa wa masikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi, inayosaidia kuhifadhi mambo mapya. Ikijeruhiwa, ya zamani yaliyokwisha kukaa huweza kubaki huku ya leo hayashiki. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison, katika upasuaji wa kutibu kifafa, aliondolewa sehemu kubwa ya eneo hilo pande zote mbili. Utoto wake aliukumbuka. Mtu aliyezungumza naye punde tu alimsahau. Lakini alipofundishwa kuchora nyota kwa kutazama kioo, mkono ulizidi kuwa mwepesi siku hadi siku, ingawa hakukumbuka kuwahi kujaribu.

Mazoea, basi, ndiyo pa kushikilia. Ufunguo utundikwe kwenye msumari uleule kila siku. Simu ilie saa ya dawa. Akitumwa Soko la Majengo, aende na daftari mfukoni. Wapo wanaosema daftari linamlemaza; mbona aliyevunjika mguu hatumnyimi fimbo?

Na akisahau, mpeni jibu kwa upole. Msimlazimishe kubahatisha, maana jibu la kukosea nalo hujikariri kichwani.