Chewa anayeelea: yanayompata samaki wa mwamba baada ya kuachiwa

Kila kiangazi, boti za kukodi zinapoanza kupeleka wageni kuvua kwenye miamba ya matumbawe, swali ninaloulizwa kuliko yote ni samaki wanakula wapi. Sina neno na swali hilo. Mtu amelipa, anataka mshipi ukaze. Ila kazi yangu ni kufuatilia maisha ya samaki wa mwamba, na macho yangu yamezoea kutazama nyuma ya boti, kule mkondo unakochukua kila kilichodondoka.

Asubuhi moja tulitia nanga juu ya mwamba wenye kina cha mita 40 hivi. Chewa wadogo walikuwa wakila mfululizo. Kila aliyepungua kipimo alipimwa kwenye rula, akapigwa picha, akarushwa majini, na watu wakapiga makofi. Nilipogeuka nyuma niliona watatu wamelala ubavu juu ya maji, matumbo yamefura kama maputo, mapezi yakipigapiga bila kuwapeleka popote. Ndege wa kwanza alikuwa ameshatua. Kanuni ya kipimo ilikuwa imefuatwa kwa uaminifu kabisa, na samaki walikuwa wanakufa vilevile.

Sababu iko kwenye mgandamizo wa maji. Tukiwa juu ya bahari tunabeba uzito wa hewa peke yake. Kila mita 10 za maji ya chumvi huongeza uzito mwingine wa kiasi kilekile. Kwa hiyo samaki aliye mita 30 chini anabanwa mara nne ya anavyobanwa juu, na aliye mita 40, mara tano. Chewa, changu na kungu wana kibofu cha hewa ndani ya mwili kinachowasaidia kukaa kwenye kina wanachotaka bila kuzama wala kupanda. Kibofu hicho hakina mlango. Gesi huingia na kutoka humo polepole kupitia damu, kazi ya saa nyingi. Wewe unamvuta samaki kutoka mita 30 hadi juu kwa dakika moja au mbili. Gesi iliyokuwa imejaa kikombe kimoja inadai nafasi ya vikombe vinne, na mwili wa samaki hauna nafasi hiyo.

Ndiyo maana macho yanatoka, tumbo linakakamaa, wakati mwingine utumbo unachungulia kwenye tundu la nyuma. Dalili inayowachanganya watu wengi ni kile kitu cha waridi kinachojaa mdomoni mithili ya puto. Nimeona mabaharia wenye uzoefu wa miaka wakikichoma kwa kisu wakidhani ndicho kibofu cha hewa. Sicho. Hilo ni tumbo la chakula lililosukumwa na gesi mpaka likageuka nje ndani, kama soksi. Ukilitoboa umemjeruhi samaki, na gesi bado iko palepale.

Wengine hunishauri, kwa nia njema, kwamba mvuvi avute taratibu ili samaki azoee. Fanyeni hesabu kidogo. Kutoka mita 40 hadi 30, mgandamizo unapungua kutoka tano hadi nne tu. Kutoka mita 10 hadi juu unapungua kwa nusu nzima. Pigo kubwa liko mwishoni, karibu kabisa na boti. Na kwa kuwa gesi inahitaji saa, dakika tano za kuvuta taratibu hazimsaidii samaki ila zinamchosha na kumpa papa nafasi.

Dawa yake ni rahisi, nayo ni kumrudisha chini. Akishushwa mita 10 tu, gesi inasinyaa hadi nusu. Akifikishwa kwenye kina alichotoka, inarudi karibu na ujazo wake wa mwanzo, macho yanaingia, na mara nyingi anaondoka mwenyewe kwa nguvu. Kuna vifaa vya kushushia samaki vinavyouzwa madukani: kibano chenye uzito kinachoshika mdomo wa chini na kufunguka kwenye kina ulichopanga. Vipo vya kutengeneza nyumbani pia. Chukua ndoana kubwa, bonyeza kijino kilicho nyuma ya ncha yake kwa koleo mpaka kilale, funga kamba kwenye mpindo wa ndoana na chubwi zito upande wa jicho lake. Unaipitisha kwenye ngozi nyembamba ya mdomo, chubwi linamvuta samaki chini, kisha unaikatua kamba kwa nguvu mara moja na ndoana inachomoka. Kilicho rahisi kuliko vyote ni kreti la plastiki lililopinduliwa, kamba juu na vyuma kwenye kingo: samaki anakaa chini yake akisukuma kwenda juu kwa sababu ya gesi, kreti linazama naye, na hewa ikishasinyaa anatoka kwenye uwazi wa chini. Chewa wawili watatu wanaweza kushuka kwa mkupuo mmoja.

Sindano ya kutolea gesi nayo ipo, inayochomwa pembeni nyuma ya pezi la ubavuni. Katika mkono uliofundishwa inafanya kazi. Katika mkono wa mgeni aliyeshika samaki anayetapatapa kwenye boti inayoyumba, sipendi hata kuitazama. Nchini Marekani, sheria iliyoanza Januari 2022 iliitaka boti yoyote iliyovua samaki wa mwamba kwenye maji ya Ghuba ya Mexico yanayosimamiwa na serikali kuu iwe na kimojawapo, sindano au kifaa cha kushushia, kikiwa tayari kutumika. Neno la maana hapo ni tayari. Kifaa kilichofungiwa kwenye sanduku chini ya viti hakimfai samaki ambaye kila dakika ya kukaa juani inamwondolea uhai.

Kiangazi hakihusiki na mgandamizo, lakini kinaongeza ugumu. Maji ya bahari yenye nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba takriban 6.2. Wakati huohuo joto linaufanya mwili wa samaki udai oksijeni zaidi. Chini ya mwamba maji mara nyingi ni ya baridi kuliko juu, kwa hiyo samaki anapigwa mara tatu ndani ya dakika chache: gesi, joto na uchovu. Ukimlaza kwenye sakafu ya boti iliyochomwa na jua tangu alfajiri, weka mkono wako hapo kwanza uone. Mshike kwa mikono iliyolowa ili usimtoe ute unaomkinga na vijidudu, tegemeza tumbo lake, usimning'inize kwa matamvua. Picha moja inatosha.

Kuhusu ndoana sina maneno mengi. Kwa chambo, tumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani. Samaki akiimeza na mshipi ukaanza kukaza, inateleza kutoka kooni na kushika pembe ya taya. Sharti lake ni moja na wavuvi wa zamani wanalichukia: usishtue mshipi. Sogeza tu roda taratibu. Ukikatua ghafla kama ulivyozoea na ndoana za kawaida, unaing'oa kabla haijageuka. Na ikitokea imeingia tumboni, kata mshipi karibu na mdomo; kuchokonoa kwa koleo kunamaliza kazi ambayo ndoana haikuimaliza.

Kuna jambo jingine linalohusu nahodha kuliko mgeni. Mkikuta mahali ambapo kila anayepanda ni mdogo, ng'oeni nanga mwende pengine. Vilevile papa wakianza kunyakua samaki kwenye mishipi, na mnapandisha vichwa vitupu. Hapo kila ndoana mnayoshusha mnawalisha papa, na kila mnayemwachia anapita katikati yao. Nanga yenyewe itupwe kwenye mchanga pembeni ya mwamba, au boti ifungwe kwenye boya kama lipo. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua milimita chache kwa mwaka. Mnyororo unaojizungusha juu yake mchana mmoja unafuta kazi iliyoanza kabla nahodha hajazaliwa.

Miezi ya joto pia ni majira ya baadhi ya samaki kukusanyika kutaga, wakifuata mwezi. Mahali panapojulikana sana ni Riley's Hump, karibu na Dry Tortugas kule Florida, ambako kungu wa aina moja hujikusanya kwa wingi usiku wa mbalamwezi mwanzoni mwa kiangazi. Uvuvi hapo ulipigwa marufuku mwaka 2001, na makundi yaliyokuwa yamenyauka yakaanza kujaa tena. Chewa wa Nassau wa Karibi hawakubahatika hivyo kwingi: wao hujikusanya miezi ya baridi, mahali palepale mwaka hadi mwaka, na wavuvi waliopajua waliwamaliza mahali pamoja baada ya pengine. Tangu 2018 wamo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Nahodha akikuahidi kwamba anajua kona ambapo mwezi ukiwa mpevu samaki hawamaliziki, muulize kwa nini wako hapo.

Boti ikivuka ukingo wa mwamba na kuingia kilindini, mambo yanabadilika. Nguru na sehewa hawana kibofu cha hewa kabisa, papa vilevile, na samaki wengi wa huko wanavuliwa karibu na uso wa maji. Tatizo lao ni pumzi. Jodari na sulisuli hawawezi kusimama wakapumua. Lazima waogelee ili maji yapite kwenye matamvua. Ukimchosha sulisuli kwa saa nzima na mshipi mwembamba ili upate sifa, kisha ukampandisha botini kwa ajili ya picha, umemziba pua mkimbiaji aliyetoka kumaliza mbio. Tumia mshipi mzito, mlete haraka, mwache ndani ya maji, shika upanga wake kwa glavu na nahodha aisogeze boti mbele polepole mpaka maji yapite mdomoni na rangi zake zirudi. Zikirudi utaziona, maana hung'aa bluu ghafla.

Fulusi, yule wa kijani na dhahabu anayekaa chini ya mwani na magogo yanayoelea, ni habari tofauti. Hukua upesi ajabu, huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na ni nadra kuvuka miaka mitano. Ukitaka samaki wa kupeleka jikoni, mimi nakuambia mchukue huyu, ndani ya kiasi kinachoruhusiwa, umwache chewa aliyehitaji miaka mingi kufikia ukubwa ule.

Anayechukuliwa aingie kwenye barafu papo hapo. Changanya barafu nyingi na maji ya bahari kiasi. Uji huo wa barafu hushuka hata chini kidogo ya nyuzi 0 na humgusa samaki pande zote, kwa hiyo humpoza haraka kuliko vipande vikavu. Jodari, nguru na fulusi wakiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama, nayo haiondoki kwa kupika. Aliyeila anawaka uso, anaumwa kichwa, anajikuna, mara nyingi ndani ya saa moja.

Sumu ya siguatera inatoka upande mwingine. Inaanzia kwenye vijiumbe vidogo mno vya baharini vinavyoishi juu ya mwani wa mwamba, inapanda kwa samaki wadogo, na inarundikana kwa wakubwa wanaowala: mzia, mkunga, chewa mkubwa, kungu mkubwa. Haina harufu wala ladha, na moto na barafu haviiui. Dalili zake ni kutapika, kuhara, ganzi ya midomo na vidole, na kwa wengine kitu cha baridi kuhisiwa kama kinaunguza. Mzia mkubwa wa mwamba mimi simli, hata akipikwa na nani. Mwenye dalili hizo aende hospitali na aseme amekula samaki gani.

Kabla ya kulipa, basi, mpigie nahodha simu. Muulize majaketi ya kuokolea maisha yanatosha watu wote, na kama radi ikianza anarudi au anasubiri. Muulize pia anawarudishaje samaki wadogo kutoka mita 40. Anayejibu kwamba "huwa wanaogelea wenyewe" amekujibu.

Yule nahodha wa chewa watatu nilipanda naye tena siku chache baadaye, na safari hii kreti lilikuwa mbele, limepinduliwa, kamba imeviringwa juu yake. Chewa wa kwanza aliyepungua kipimo alikuwa na macho yaliyotoka na puto mdomoni. Tulimweka chini ya kreti, tukalegeza kamba, mita baada ya mita. Kwenye mita kama 20 kamba ilitetemeka mara mbili mkononi mwangu, kisha ikawa nyepesi. Tulipoivuta, kreti lilikuja tupu.