Je, wajua kwa nini gramafoni huogopa mtikisiko na amplifaya nyingi hazijali?

Zipo stendi za springi na miguu ya mpira au chuma zinazouzwa kwa ajili ya vyombo vya muziki, na muuzaji hukwambia sauti "itafunguka" hata ukiziweka chini ya amplifaya. Ni kweli? Inategemea umeweka chombo gani juu yake.

Tuanze na gramafoni, maana hapo hakuna ubishi. Mfereji wa santuri ni mwembamba kuliko sehemu ya kumi ya milimita, na mawimbi yaliyochongwa humo, mengine hayafiki hata sehemu ya elfu moja ya milimita. Kazi ya sindano ni kutikiswa. Haijui kama iliyoitikisa ni ngoma iliyorekodiwa au mtu aliyepita kwa kishindo. Vyote inavigeuza kuwa umeme. Mbaya zaidi, spika zikiwa juu ya meza hiyohiyo, besi hutikisa meza, meza hutikisa sindano, sindano huirudisha besi kwenye spika, na mzunguko huo ukishika kasi chumba kizima kinanguruma.

Amplifaya za valvu nazo zina udhaifu wao. Ndani ya ile chupa ya kioo mna vinyuzi vyembamba vinavyoongoza mkondo wa umeme. Vikicheza, mkondo nao hucheza. Zigonge kidogo kwa penseli, baadhi hulia "ting" kama kikengele.

Transista, inayofanya kazi ya valvu katika amplifaya nyingi za leo, haina kitu kinachoning'inia. Ni kipande cha silikoni, basi. Kweli, kapasita (vijisehemu vya saketi vinavyohifadhi chaji ya umeme) za kauri za aina fulani huzalisha umeme zikitikiswa, lakini ni mdogo mno kusikika, labda zikae mwanzoni mwa saketi inayokuza sauti mara nyingi sana. Na kicheza CD? Lenzi yake hurekebishwa muda wote ifuate mstari, na data huwekwa akiba kwanza, kisha hutolewa kwa mpigo wa kristali inayopima muda. Ukikitikisa kupita kiasi kitaruka. Utamu wa besi haubadiliki.

Halafu stendi yenyewe ina masharti. Ni uzito juu ya springi, na uzito wowote juu ya springi una mdundo wake wa asili. Mdundo huo ukiwa wa hezi 4 (yaani mara 4 kwa sekunde), stendi huanza kuzuia mitetemo iliyo juu ya hezi 6 hivi. Ile inayokaribia 4 huikuza. Mpira mgumu chini ya chombo chepesi huwa na mdundo wa juu zaidi, kwa hiyo vishindo vya miguu hupita kama kawaida. Ile miguu ya chuma yenye ncha kama miiba ndiyo kabisa: huunganisha chombo na sakafu badala ya kukitenga.

Kabla ya kutoa pesa, weka sindano juu ya santuri isiyozunguka, pandisha sauti taratibu, kisha gonga rafu kwa kidole. Mlio utakaotoka kwenye spika ndio ambao stendi nzuri inaweza kuupunguza. Sasa zima gramafoni, iache amplifaya ya transista peke yake, ugonge tena.